UZI: Kabla hujauza laptopu yako kisa Windows 10, au hujanunua ya mtumba yenye "Windows 11", soma namba ya prosesa kwanza

Wakuu habari za saa hizi.

Kila siku naona swali lile lile linarudi humu, "PC yangu inasema haikidhi Windows 11 nifanyeje", mwingine kashaanza kuuza mashine yake kwa bei ya hasara kwa sababu mtu kamwambia imeshakufa, na wengine wanakimbilia kununua nyingine bila kujua wanachonunua. Kazi yangu mimi ni kutengeneza na kuuza hizi laptopu za mtumba, na hili jambo linanikera kwelikweli, kwahiyo nimeona niweke kila kitu sehemu moja. Ni refu, vumilieni.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa. Laptopu yako haijafa. Kilichofika mwisho ni ahadi ya Microsoft ya kuitunza Windows 10, hivyo ni vitu viwili tofauti, na kuna watu wananufaika wewe usipojua tofauti yake.

Historia kidogo. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Miezi michache kabla haijatoka, Jerry Nixon ambaye alikuwa mfanyakazi wa Microsoft alisema kwenye mkutano wao wenyewe kwamba hii ndiyo Windows ya mwisho, yani baada ya hapo itakuwa ni kuboreshwa tu. Dunia nzima iliandika. Tarehe 5 Oktoba 2021 ikatoka Windows 11, na 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafungiwa duka.

Sasa tatizo halijawahi kuwa kutoka kwa Windows mpya, mbona kutoka 7 kwenda 10 tulihama na mashine zetu zile zile na maisha yakaendelea. Tatizo ni masharti. RAM GB 4 na diski GB 64, hayo karibu kila mtu anayo. Kinachozuia ni Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo wakati mashine inawaka, halafu TPM 2.0 ambacho ni kijichipu kinachotunza funguo za siri za mashine, halafu kubwa kuliko yote ni prosesa: Intel lazima iwe kizazi cha 8 kwenda juu, AMD iwe Ryzen za 2000 kwenda juu (ila siyo zote za 2000). Chini ya hapo ukibonyeza kuhama inakukatalia, hata kama mashine ina RAM GB 16 na SSD mpya na inakimbia kuliko hizi mpya za bei rahisi zinazouzwa zikiwa na prosesa dhaifu ya Celeron.

Hapa ndipo mimi na Microsoft tunapoachana. Chukua prosesa mbili za Intel, i5-7200U ya 2016 (kizazi cha 7) na i5-8250U ya 2017 (kizazi cha 8). Ya pili ina kori nne badala ya mbili, ni nzuri zaidi sikatai, lakini kori zenyewe ni za muundo ule ule wa Kaby Lake, Intel waliiboresha tu wakaongeza idadi. Mashine nyingi za ofisini za kizazi cha 7 zina TPM 2.0 ndani, Secure Boot ipo, kila kitu kipo, ila zinakataliwa. Halafu katika hicho kizazi cha 7 walichokikataa wakaipitisha i7-7820HQ kwenye mashine chache, na mojawapo ya mashine hizo ni Surface Studio 2, ambayo ni ya Microsoft wenyewe. Mtu aniambie hapo mstari umechorwa na uhandisi au umechorwa na biashara.

Lakini nitende haki. Hoja yao ya usalama si ya uongo wote. Windows 11 inataka kukilinda kiini cha mfumo kwa kukitenga, na prosesa za kabla ya kizazi cha 7 hazina ule msaada wa ndani ya chipu unaofanya kazi hiyo iwe nyepesi, kwahiyo ukiwasha ulinzi huo mashine inakuwa nzito. Sawa. Kwa kizazi cha 6 kushuka chini hoja ina uzito. Kizazi cha 7 msaada huo kinao! Na hata kwa cha 6, wangeweza kusema "tunakupitisha bila ulinzi huu, uamuzi ni wako", mtu mzima akaamua mwenyewe.

Kwanini naliandika hili Kiswahili na sisi siyo tunaotengeneza hizi mashine? Kwa sababu sisi ndio mwisho wa mstari. Laptopu nyingi tunazonunua Kariakoo ni za makampuni ya Ulaya, Marekani na Uarabuni, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad, wao wakimaliza mkataba zinakusanywa zinauzwa kwa jumla, zinapita Dubai zinafika huku. Ofisi ya kule ikisikia Windows 10 imefungwa haikai kubishana, inatoa zote za kizazi cha 6 na cha 7 kwa mkupuo. Unadhani zinakwenda wapi.

Na zikifika huku hakuna muuzaji atakayekuandikia "hii haikidhi Windows 11". Anaipiga Windows 11 kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kubutia, unaweka tiki sehemu moja tu inaruka ukaguzi wote, mashine inawaka na ile picha ya ua la bluu mteja anafurahi anatoa hela. Kuna mteja kaniletea EliteBook 840 G3 aliyouziwa hivyo hivyo, i5-6300U, analalamika tu kwamba betri haikai. Nikabonyeza Windows na R nikaandika winver. Ikaja Windows 11 toleo 22H2. Wakuu, 22H2 kwa Home na Pro iliacha kupata apdeti tarehe 8 Oktoba 2024! Yani kauziwa "Windows 11 mpya" ambayo muda wake uliisha mwaka mzima kabla ya Windows 10. Na haitapanda yenyewe, kwa sababu mashine ikiwa chini ya masharti yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, lazima mtu ashushe faili upya alipige juu kwa mkono. Yule mteja hakuambiwa hata neno moja kati ya haya. Duka silitaji na wala siyo duka moja.

Kwahiyo ukiwa kaunta, kabla pesa haijatoka mfukoni:

Soma namba ya prosesa. Bonyeza kulia kwenye This PC, Properties. Ukiona i5-6300U, ile 6 inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-7300U ni cha 7. i5-8350U ni cha 8, huyo ndiye unayemtaka. Zenye tarakimu tano kama i5-10310U ni cha 10. Stika ya nje usiiamini, stika zinachapishwa. Kuandikwa "Core i7" peke yake hakukuambii chochote, i7 ya kizazi cha 4 inapitwa na i5 ya kizazi cha 8 kwa mbali.

Kisha andika winver, angalia toleo. 23H2 kwa Home na Pro iliisha 11 Novemba 2025, 24H2 inaishia 13 Oktoba 2026. Kisha andika tpm.msc, angalia kama imeandikwa 2.0. Dakika tano zimeisha. Muuzaji akianza kununa ujue kwanini ananuna.

Kwa majina ya mitaani: EliteBook 840 G5, Latitude 7490, ThinkPad T480, hizo ndipo kizazi cha 8 kinapoanzia kwenye familia hizo. 840 G3, Latitude E7470 na T470 ziko chini ya mstari. Siyo mashine mbaya hata kidogo, nunua tu ukijua, na bei ikubaliane na ukweli.

Kwa ambao tayari mnazo za chini ya mstari, njia ni hizi ninavyoona mimi.

Kwanza kuna ESU, mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama za Windows 10 mpaka 13 Oktoba 2026. Unaingia Settings, Windows Update, kama Windows 10 yako ni toleo 22H2 utaona sehemu ya kujiandikisha. Kuna kulipa dola 30, au pointi 1000 za Microsoft Rewards, au bure ukiruhusu setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Wenzetu wa Ulaya wamepewa bure bila hilo sharti la kuhifadhi baada ya vyama vya watumiaji kule kulalamika. Sisi tuchukue ile ya bure, ni muda wa kujipanga bila kugusa mashine.

Pili ni kujipigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, ukijua kwamba kila mwaka utakuwa unapandisha toleo kwa mkono, na kwamba Microsoft hawakuahidi kitu. Faili lenyewe ni zaidi ya GB 5, hesabu bando.

Tatu ni Linux, mfumo mwingine wa bure unaokaa mahali pa Windows. Na hii ndiyo ninayoipigania kuliko zote kwa mtu ambaye kazi zake ni brauza, Zoom, kuandika na kuangalia muvi. Linux Mint 22, moja ya aina za Linux, inatunzwa mpaka 2029, faili lake ni chini ya GB 3, inakimbia vizuri kwenye RAM GB 4, na unaijaribu ukiwa kwenye flashi bila kufuta chochote kwenye diski.

Karibuni tujadili, na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

kijana_wa_tabata:
Mkuu umeandika vizuri ila naomba tuwe wakweli. Asilimia kubwa yetu tunatumia Windows ya kukraki, fundi akishapiga anazima apdeti siku hiyo hiyo ili isije ikamaliza bando au ikadai leseni. Mimi PC yangu haijawahi kuona apdeti tangu ninunue na inafanya kazi. Sasa mtu ambaye hakuwahi kupokea apdeti hata moja akiambiwa apdeti zimeisha anapoteza nini? Naona kama hili ni tatizo la Wazungu tunalibeba sisi.

Mleta uzi:
Mkuu swali lako ndilo zito kuliko yote na nashukuru umeliuliza wazi, wengi wanalo ila hawasemi.

Unapoteza vitu viwili. Cha kwanza ulikuwa unakipoteza siku zote ila hukukiona. Mei 2017 kilipita kirusi kinaitwa WannaCry, kinafunga mafaili yako yote kinadai hela. Kilichowaumiza watu siyo kwamba dawa haikuwepo, Microsoft walishatoa apdeti ya kuziba tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoliwa zilikuwa Windows 7 ambayo wakati huo bado ilikuwa inatunzwa, wenyewe hawakuiweka tu hiyo apdeti. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Na kile hakikuhitaji ubonyeze kitu chochote, kilikuwa kinatambaa chenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao mmoja. Sasa fikiria kompyuta kumi za ofisi moja zote apdeti imezimwa, na zote zimewekwa kraki ya fundi mmoja ambayo hakuna anayejua ndani yake kuna nini.

Cha pili ndicho kitakachokugusa hata kama huna habari na usalama. Programu zinaifuata Windows kaburini. Windows 7 ilifungwa Januari 2020 watu wakasema kama wewe, mbona inafanya kazi. Ikafika 2023 Chrome toleo 109 likawa la mwisho kwa Windows 7. Baada ya hapo brauza inazeeka, tovuti moja moja zinaanza kukataa, na siku hizi brauza ndiyo ofisi, huko ndiko kuna benki, maombi ya chuo, kila kitu. Windows 10 haijafika huko bado, Chrome inafanya kazi, Defender, ile kinga ya virusi ya Windows, nayo Microsoft wamesema itaendelea kupata taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028. Kwahiyo hakuna sababu ya kukurupuka. Ila mstari upo na unasogea.

Na hapo kwenye kukraki ndipo ninapoipenda Linux zaidi. Haina kraki kwa sababu haina cha kukraki. Unaishusha kutoka kwa wenyewe ikiwa safi, apdeti unaweka wakati unaotaka wewe, haikulazimishi.

dada_steshenari:
Mimi naongea kama mtu wa steshenari. Hii Linux mnaisifia humu kila siku ila sidhani kama kuna kati yenu aliyewahi kukaa mezani mteja amesimama mbele yake na flashi, nyuma yake foleni, anataka CV yake itoke kama alivyoiandika. Niliwekewa na mdogo wangu kwenye mashine moja, nikafungua faili la Word la mteja, mistari imehama, ukurasa mmoja umekuwa miwili, jedwali limepanda juu ya picha. Mteja anakuona wewe ndiye hujui kazi. Halafu kadi za mialiko na programu za misiba nafanyia Publisher, passport size nafanyia Photoshop. Nirudi wapi?

Mleta uzi:
Dada yangu kwa mashine yako ya mbele, ile inayopokea wateja, baki na Windows. Nasema bila kuzunguka. Photoshop haina toleo la Linux na Publisher pia haina, na mtu akikwambia GIMP ni sawasawa na Photoshop kwa mtu mwenye foleni hakutakii mema. Nunua moja ya kizazi cha 8 iwe ya mbele, zile nyingine zifanye kazi za nyuma.

Ila nikueleze kwanini mistari ilihama, maana mara nyingi siyo LibreOffice, ile ofisi ya bure ya kwenye Linux, imeharibu, ni fonti. Faili la mteja limeandikwa kwa Calibri au Cambria, hizo ni mali ya Microsoft hazipo kwenye Linux, basi mashine inaweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, kila mstari unasukuma neno moja chini, ukifika mwisho wa ukurasa ndiyo unakuta CV imeingia ukurasa wa pili. Weka fonti mbili, Carlito na Caladea. Zimetengenezwa makusudi ziwe na vipimo vile vile, Carlito kwa Calibri na Caladea kwa Cambria, herufi kwa herufi upana sawa. Zipo bure. Jaribu lile lile faili uone. Tangu 2023 Word inaanza na fonti mpya inaitwa Aptos, hiyo itawasumbua hata wenye Office ya zamani kwenye Windows, siyo Linux peke yake.

Na hili la mafaili lina mizizi. Kuna kiwango cha kimataifa cha nyaraka kinaitwa ODF, ISO, lile shirika la viwango la kimataifa, walikiidhinisha 2006, ndio .odt ya LibreOffice. Microsoft wakapeleka cha kwao, OOXML, kikapitishwa 2008 baada ya ugomvi mkubwa sana, ndio .docx. Ndani ya hicho kiwango kuna sura mbili, ile kali iliyonyooka, na ile ya mpito iliyobeba mazoea yote ya Word ya zamani. Word ukibonyeza Save inahifadhi ya mpito mpaka leo. Kwahiyo kiwango kipo kwenye karatasi, lakini anayetengeneza programu nyingine lazima aige tabia za Word za miaka na miaka, na hakuna anayeziiga zote. Jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani walitangaza 2024 wanahamisha kompyuta 30,000 za serikali kwenda LibreOffice, na moja ya sababu ni hiyo, nyaraka za umma zisiwe zinafunguka vizuri kwa programu ya kampuni moja tu.

Na Publisher uliyoitaja, Microsoft wametangaza wanaifunga Oktoba 2026. Kwahiyo hata ukibaki kwenye Windows anza kuhamisha kazi zako mapema. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya .pub, siyo kamili lakini maandishi na picha unavipata. Kadi zako unazozitumia kila siku zitoe pia kwa PDF ukae nazo.

dada_steshenari:
Hili la Publisher ndiyo nalisikia kwako. Nina makabrasha ya miaka humo. Asante kaka, hizo fonti nazijaribu usiku nikifunga. Printa je? Natumia Epson zile za matangi.

Mleta uzi:
Epson wana draiva za Linux, za matangi zinachapa na kuskani vizuri. HP pia hawana shida. Angalia zaidi zile Canon ndogo za leza za zamani, hizo zinasumbua mpaka mtu anakata tamaa.

mkenya_mpole:
Niaje wadau, niko Nairobi. Hapa kwetu hizo mashine tunaziita ex-UK na Luthuli zimejaa, hiyo story ya Windows 11 ya kulazimisha iko huku pia, usidhani ni Dar pekee. Swali langu ni tofauti. Nina ThinkPad T480, i5-8350U, kwa maneno yako iko ndani ya mstari. Lakini ile PC Health Check, programu ya Microsoft ya kukagua, inaniambia haifai. Nikacheki BIOS (zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka), TPM iko on. Sasa?

Mleta uzi:
Karibu ndugu yetu. Hiyo yako naijua bila kuiona. Aliyeipiga Windows 10 alitumia mtindo wa zamani, Legacy, diski ikawa na mpangilio wa zamani wa MBR, na Secure Boot haiwezi kuwaka kwenye mtindo huo. Mashine iko sawa, ni upigaji tu. Na watu wanaambiwa wabadilishe mashine kwa kosa hili, inauma sana.

Usifute kitu. Andika msinfo32, tazama palipoandikwa BIOS Mode, nina hakika utakuta Legacy. Hamisha mafaili yako ya muhimu kwanza kwenye diski ya nje, hilo usiliruke. Kisha fungua Command Prompt kama Administrator, andika

mbr2gpt /validate /allowFullOS

ikikubali, andika

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Ikimaliza washa upya, ingia BIOS, badilisha kutoka Legacy kwenda UEFI, ule mtindo mpya, na uwashe Secure Boot. Hicho kifaa ni cha Microsoft wenyewe, kimo ndani ya Windows 10 tayari. Kwa wengine ambao TPM hawaioni kabisa: kwenye BIOS za Intel mara nyingi imeandikwa PTT, za AMD fTPM. Iwashe.

mkenya_mpole:
Aisee! Ilikuwa Legacy kweli. Imekubali, saa hii inashusha Windows 11. Na kuna jamaa hapa estate alikuwa ameniambia niuze nitafute kizazi cha 11. Mungu akubariki.

mzee_wa_hardware:
Mleta uzi hapo kwenye Linux mimi sikuungi mkono. Mtu wa kawaida anataka kuwasha afanye kazi. Leo umemuwekea Mint, kesho anataka QuickBooks au Tally za mahesabu ya duka, hazimo. Kesho kutwa modemu yake ya USB haisomi. Wewe uko mbali, fundi wa mtaani kwake haijui Linux, anaifuta anapiga Windows ya kraki, umerudi pale pale na mteja kapoteza hela mara mbili. Ushauri wangu mimi ni mmoja, jikaze ununue T480 au 840 G5, una mpaka Windows 11 itakapokoma, na faida nyingine zina USB-C, unachajia kwa chaja yoyote ya maana. Hizo G3 chaja yake ile ya pini ya bluu ikifa njia nzima unatafuta.

Mleta uzi:
Mzee wangu heshima yako. Kwa mwenye uwezo wa kuongeza hela ushauri wako ni sahihi na nimeuandika hapo juu pia. Kwa QuickBooks na Tally uko sahihi, hizo za kompyuta zimetengenezwa kwa Windows, mwenye kazi hiyo asihame.

Kuhusu chaja naongezea. Ulaya walipitisha sheria, kuanzia 28 Desemba 2024 simu na tableti mpya zote zinazouzwa kule lazima zichajiwe kwa USB-C, na laptopu zinaingia 28 Aprili 2026. iPhone wenyewe walihama 2023 kwenye iPhone 15 kwa sababu ya mkondo huo. Na sisi tunafaidika bila kupiga kura, maana laptopu zao za leo ndizo mtumba wetu wa kesho. Ndio maana nasema viwango siyo maneno ya wahandisi tu. Wakiamua USB-C sisi tunapumua, wakiamua kizazi cha 8 sisi ndio tunaobaki na mzigo. Kwenye USB-C lakini angalieni: siyo kila tundu la USB-C la laptopu linapokea chaji, na chaja ya simu ya wati 20 haitaisukuma laptopu, tafuta ya wati 65 yenye PD (Power Delivery, mfumo wa USB-C wa kupitisha chaji kubwa).

Ila hapa hatukubaliani: kuna mwanafunzi ambaye hiyo mashine ya kizazi cha 5 ndiyo pekee familia imeweza. Nikimwambia "jikaze ununue T480" nimemwambia aache. Na hoja ya fundi wa mtaani asiyeijua Linux ni hoja ya kumfundisha fundi. Kupiga Mint ni rahisi kuliko kupiga Windows, haihitaji kutafuta draiva nusu siku wala kraki. Mafundi mliomo humu jifunzeni, ni kazi mpya hii inawajia.

mwl_shamba:
Wakuu mimi ni mwalimu wa sekondari, mkoani. Tuna chumba cha kompyuta za msaada, zile za mezani, nyingi i3 na i5 za kizazi cha 4, RAM GB 4. Mkuu wa shule kasikia redioni Windows 10 imeisha anasema tuzifungie stoo tusubiri mfadhili mwingine. Intaneti tunayo kwa modemu tu, ya kuungaunga. Nimwambie nini?

Mleta uzi:
Mwalimu mwambie asifungie hata moja, nakuomba sana. Hizo ndizo hasa nilizokuwa nazifikiria.

Shusha Linux Mint toleo la Xfce, ndilo jepesi zaidi, mara moja tu kwa bando la usiku ukiwa mjini. Flashi moja ya GB 8 inatosha kuzipiga zote, mashine kwa mashine, haidai intaneti wakati wa kupiga. LibreOffice inakuja humo humo, Writer, Calc na Impress, na mwanafunzi aliyejifunza kutengeneza jedwali na fomula kwenye Calc akikutana na Excel hapotei. Kama mna shilingi kidogo msinunue RAM kwanza, nunueni SSD ndogo za GB 120 za kuwekea mfumo, kwenye mashine za umri huo hakuna kinachobadilisha kasi kama kuondoa diski ya kuzunguka. Nunueni chache kadiri mnavyopata, zingine ziende hivyo hivyo.

Kwa intaneti ya kuungaunga weka Kiwix. Inakuwezesha kuwa na Wikipedia nzima ndani ya mashine bila mtandao, ya Kiswahili ni ndogo, ya Kiingereza bila picha nayo inawezekana ukiwa na diski ya kutosha. Unaishusha mara moja unanakili kwa flashi kwenye zote. Brauza ziwekee apdeti kila muhula kwa ile modemu, zikae vizuri.

Anza na mashine moja tu. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kufuta Windows, muite mkuu wa shule akae aandike barua aichape kwenye printa yenu, ndiyo uzungumze naye. Niandikie hapa aina ya printa na ya modemu kabla hujaanza, hivyo viwili ndivyo vinavyoweza kukusumbua, nikuangalizie kama vinakubali.

mwl_shamba:
Asante sana. Printa ni HP LaserJet, namba nitaiangalia kesho asubuhi. Modemu ni ya Huawei ile nyeupe ya zamani.

Mleta uzi:
HP itakubali. Hizo Huawei nyingi zinasomwa zenyewe, ukichomeka subiri kama dakika moja, kisha bonyeza alama ya mtandao pembeni kulia chini, utaona Mobile Broadband, unachagua nchi na mtandao wa laini yako basi. Isiposoma niletee namba iliyoandikwa chini ya mfuniko.